Ukurasa wa Mto

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Ndivyo nilivyofunzwa, na miaka ishirini na sita
nimekalia kiti hiki cha chuma, viungani mwa Tiruppur,
mhasibu wa kiwanda cha kutia vitambaa rangi.
Nimeandika kila gunia la chumvi lililoingia,
kila jora lililotoka,
hata chai ya vibarua, kikombe kwa kikombe.
Mto sikuuandika.
Haukuwahi kuleta ankara.

Tulijua Ulaya watavaa nini kabla Ulaya hawajajua.
Ukivuka daraja alfajiri ukakuta maji ya zambarau,
basi majira yajayo ni zambarau.
Mwaka ule mto ulikuwa wa manjano wiki tatu,
na manjano ya Nachimuthu, ng'ambo ya pili,
yale ya shambani, ya kutia mchuzini,
hayakuota.

Akaja na udongo ndani ya gazeti.
Akaumwaga juu ya daftari langu.
Nikapuliza. Vumbi likaondoka,
chembe nyeupe zikabaki kati ya tarakimu.
"Onja," akasema.
Nikaonja.
Ilikuwa chumvi yetu. Naijua mpaka bei.

Marehemu Palanichamy angempa chai na pole.
Binti yake, Thenmozhi, mwezi wa pili kitini pa baba,
alisimama mlangoni, viatu mkononi, miguu ya samawati hadi kwenye kifundo,
akasema: "Fungua ukurasa mpya. Andika juu: Mto."
Nikauliza, unatudai au tunaudai?
"Mhasibu ni wewe."

Nikaandika. Mkono wangu ulikuwa mzito.
Nikaandika mkopo wa benki,
dhahabu ya harusi yake kwenye mizani ya sonara,
mitambo ya kuchuja, matangi ya kuchemshia maji machafu
mpaka maji yawe maji na chumvi iwe chumvi.
Nikaandika barua ya mnunuzi wa Rotterdam:
fulana yetu imepanda senti tatu, asante, kwaheri.
Senti tatu!
Nikaandika majina kumi na moja ya waliopunguzwa.
La tisa lilikuwa Ilango, mtoto wa dada yangu.
Dada hakunisemesha tangu sikukuu ya mavuno
mpaka mvua.

Usiniambie kutenda mema hakuna gharama.
Mimi ndiye niliyejumlisha.

Ila mwaka wa pili safu ya chumvi ilianza kukonda.
Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu kwa kalamu ya risasi.
Magunia mia yalikuwa arobaini, kisha kumi na mawili:
chumvi ile ile ilikuwa inarudi kazini,
maji yale yale yanaingia jora la jana na la leo,
kama kibarua mzee asiyejua kustaafu.
Malori ya maji hatukuyaita tena.
Akaja mnunuzi mwingine, akataka kuuona ukurasa, si fulana.
Ilango alirudi. Sasa ndiye anayelinda matangi,
na husema yananguruma kuliko mama yake.

Thenmozhi akalichukua daftari langu kwapani,
mlango kwa mlango, kwa wenye viwanda vya juu yetu.
Hakuwahubiria. Aliwafunulia safu ya chumvi
akaweka kidole, akanyamaza.
Wawili walicheka.
Wa tatu aliuliza bei ya pampu.

Nachimuthu alikataa fidia ya mkupuo.
Anataka kila mwezi, kidogo kidogo, mkononi,
ili, anasema, tusije tukasahau njia ya kwake.
Dawa ya deni kulipa: hiyo naijua tangu utoto,
lakini sikujua mdai anaweza kuwa maji,
wala kwamba hana haraka.

Leo asubuhi nimevuka daraja.
Maji yalikuwa ya buluu, buluu kali, ya suruali.
Si yetu.
Nimeyaandika hivyo hivyo.